Pole ya Goti

Mwezi uliopita Kocha Weldon aliwekewa goti la chuma, nami nikasema hatuwezi kumtumia ujumbe wa simu tu kana kwamba ni mtu tuliyemsikia redioni. Kwetu mtu akiumia huendewa. Mke wangu akapika wali na maharage, tukazifunga sufuria kwa vitenge zisimwagike, tukatoka Houston mapema na kuzunguka kwanza Haltom City kumchukua mama, ambaye angeninunia hadi Pasaka kama ningempita. Cody, tuliyekuwa naye chuo, alikuja kutoka mashamba ya magharibi na mkewe na kasha la barafu lililojaa nyama. Kocha anakaa Richardson, mtaa wa nyasi zilizokatwa vizuri na watu wanaopungiana mikono wakiwa ndani ya magari, na sidhani kama mtaa ule umewahi kuona sufuria nyingi namna ile zikishushwa kwa mgonjwa mmoja. Tulimkuta kajinyoosha kwenye kochi, mguu juu ya mto, masharubu sasa meupe kabisa. Akala kimya kama anavyokula siku zote, sahani tumboni, akajifuta mdomo, kisha akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza tangu nikiwa kijana. "Deo, siku ile kwa mama yako, wale watu ulikuwa unawaambia nini hasa?" Nilikuwa na maharage mdomoni, nikashukuru kwa hilo. Nikamwonyesha kwa kidole kwamba asubiri nimeze, lakini akili ilikuwa imeshaniponyoka, imerudi mwaka ule.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho katika chuo kimoja cha kaskazini mwa Texas, na mimi nilikuwa mtu wa katikati wa laini. Ndugu zangu wengi wakisikia nilicheza mpira wanadhani ni ule wa miguu, wananitazama tumbo, wanakaa kimya kwa adabu. Futiboli ya Kimarekani ina watu watano wanene wanaosimama mbele ya mrushaji mpira ili asikanyagwe. Hiyo ndiyo laini. Wa katikati huinama, huutoa mpira kwa nyuma kati ya miguu yake, na kabla ya hapo hupiga kelele kuwaambia wenzake wote waegemee upande gani. Wakiegemea pamoja ni ukuta. Mmoja akienda kwake, mlango umefunguka na mrushaji yuko chini, na hapo ndipo watazamaji wanapokumbuka kwamba laini ipo. Niliipenda kazi ile kuliko kitu chochote. Nilikipenda hata chumba chetu, kilichonuka dawa ya kuchua na viazi vya kukaanga, chenye kochi lililobonyea katikati hata ukikaa pembeni unateleza kumfuata mwenzako. Kocha alikuwa na meza yake pembeni nyuma ya kabati la vyuma, na tukiwa tunakula tulimsikia akiongea na mkewe kwa simu kuhusu nyanya zake za bustanini, kwa upole ambao sisi hatukuwahi kuuonja. Sisi alituambia neno moja tu, "Tena," tukarudia tena. Darasani nilisoma jiografia, kwa sababu ratiba yake haikugongana na mazoezi. Sababu nyingine sikuwa nayo.

Goti liliondoka kabla msimu haujaanza, kwenye mazoezi ya kawaida kabisa. Wala sikupigwa. Mwenzangu alijikwaa, akaniangukia kwa ubavuni, nikasikia kano imekatika kama kamba ya nguo. Daktari alinifanyia upasuaji na kuniambia mwaka huo sitacheza, na kwa kuwa mwaka huo ulikuwa wa mwisho, nilijua maana yake. Kocha alikuja hospitali, akasimama mlangoni, akasema, "Tutaongea." Nikalala kwenye sofa ya mama Haltom City, mguu juu ya viti viwili, nikiwa mzima kuanzia kiunoni kwenda juu na bure kabisa kwenda chini. Mjomba Silasi, kaka yake mama, alinivumilia siku chache tu. Alikuwa mtu wa zamu, hajui kukaa, na kijana aliyelala mchana alimwasha mwili. Akaja akakaa kwenye mkono wa sofa. "Mpwa wangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimeshaongea na supervisor pale warehouse. Kuna kazi ya kukaa, una-scan maboksi tu, mguu unauweka chini ya meza. Monday unaanza." Nikamwuliza, "Na chuo, mjomba?" Akanijibu kwa huruma ya kweli, bila ubaya hata kidogo. "Chuo kilikuwa cha mpira, mwanangu. Mpira si umekwisha?" Alikuwa amesema kile nilichokuwa nakisema mwenyewe nikiwa macho usiku. Nikamwambia sawa, Jumatatu.

Jumamosi ya kabla ya hapo ndiyo watu waliyopanga kuja kunipa pole. Msomaji anayejua Warundi hana haja ya kuelezwa: jumuiya nzima ya kanisa ilikuja, pamoja na majirani, pamoja na watu waliotujua tangu kambi ya wakimbizi ya Kigoma, wakaleta wali, ndizi za kupika, ndagala, sombe, papai, na Fanta za chupa kutoka duka la Wameksiko. Sebule ilipojaa wanaume wakashuka kusimama maegeshoni, mikono nyuma, wakiongea kwa sauti ya chini kama watu wenye adabu. Juu akina mama wakaanza rozari, na baada ya rozari wakaanza kuimba. Ni katika saa hiyo ambapo Kocha Weldon alifika na gari lake, na wenzangu wa laini nyuma, wakiwa na kadi na mfuko wa barafu. Nilisimuliwa na Cody baadaye. Waliona magari yamepangwa hadi barabarani. Waliona wanaume wamevaa makoti, hawacheki. Walisikia wanawake wakiimba ghorofani. Kocha akavua kofia, akamfuata mtu wa kwanza aliyemwona kwenye ngazi, na mtu huyo alikuwa Mjomba Silasi, akamwuliza kama hapa ndipo kwa Deo. Mjomba akamshika mkono kwa mikono miwili, akatafsiri pole kwa Kiingereza alichokuwa nacho: "Yes. Sorry. We are very, very sorry."

Cody alikaa chini kwenye ukingo wa maegesho akalia. Alikuwa kijana wa mwaka wa pili, mkubwa kuliko mimi, mkimya, ndiye aliyetakiwa kuchukua nafasi yangu, na alilia hadi kina mama wawili waliokuwa wanashusha sufuria wakaiweka chini kumbembeleza bila kujua analilia nini. Kocha alipanda ngazi polepole, kofia kifuani. Mlango ulikuwa wazi. Akanikuta nimelala kwenye sofa nakula paja la kuku. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Aligeuka na kupiga kelele chini kwa sauti ile ya uwanjani, "Yuko hai! Anakula!" Mama alipoelezwa kosa lenyewe alicheka mpaka akashika ukuta, na kwa adhabu ya kumzika mwanawe akiwa hai akawapa kila mmoja sahani ya kilima. Hawakubakiza. Cody aliomba ndizi na maharage mara tatu, macho bado mekundu, na tangu saa ile akina mama wa Haltom City wakawa wake.

Ndipo Mzee Nikodemo, mkubwa kuliko wote mle ndani, akaweka chupa yake ya Fanta chini na kuuliza lile ambalo nadhani wengi walitaka kuliuliza. "Mwanangu, samahani. Wewe mpira hukimbii nao, hufungi, unautoa tu kwa nyuma. Sasa goti limeumiaje?" Watu wakacheka, lakini wakanyamaza kusubiri jibu. Nikajaribu kueleza kwa maneno, nikaona wananitikisia vichwa tu. Nikasema basi, simameni. Nikawapanga wazee watano mbele ya televisheni, na katikati nikamweka Mzee Nikodemo. "Mzee, wewe ndiye mimi." Mama Fides, mwenyekiti wa jumuiya, nikamfanya mrushaji, nikampa papai, maana umbo lake na la mpira ule ni moja. Vijana wa kike wa kwaya wakawa maadui. Kwa heshima ya mahali, papai lilitolewa kwa ubavuni, si kati ya miguu. Mara ya kwanza kila mzee alikwenda kwake, na kwaya ikamfikia Mama Fides mara moja. Nikawaambia msiisikilize miguu yenu, msikilizeni Mzee. Mzee akasema "kushoto" kama anayeomba chumvi. Nikamwambia, "Mzee, shida yako ni adabu. Hapa paza." Akavuta pumzi na kunguruma, "Kushoto!" na wazee watano wenye mashati ya misa wakasogea pamoja kama mlango mmoja, kwaya ikagota kwenye matumbo yao. Vigelegele vilisikika hadi kwa jirani. Kisha nikamlaza mzee mmoja taratibu kwenye pembe ya goti la Mzee Nikodemo, na wote wakasema "aaah," wameelewa. Waliochelewa walipoingia sikuhitaji kusema kitu. Mzee mwenyewe aliwapanga upya, akawafundisha, akawafokea.

Walipokaa, wanahema, Mzee akaniuliza kama goti likipona nitaurudia mchezo. Nikasema kwa sauti ya kawaida, ili isiwe habari kubwa, "Hapana, Mzee. Mpira umekwisha. Hata chuo naacha. Jumatatu naanza kazi na mjomba." Vicheko vikaisha. Mama alichukua papai mikononi mwa Mama Fides akaenda nalo jikoni, na tukasikia kisu. Kocha alikuwa amesimama mlangoni muda wote na sahani yake tupu, akitutazama. Alinijia, akaniwekea mkono kichwani kama padri, akasema kwa Kiingereza, "Jumatatu uje mapema. Cody anakuhitaji." Mjomba Silasi, aliyeshika neno Jumatatu tu, akaitikia kwa furaha kubwa, "Yes! Monday!" wakapeana mikono. Mimi nililala pale nimeduwaa. Niliamini kwamba mtu amemnong'oneza, au amenisoma usoni, na kwamba mtu yule mkimya wa nyanya amekuja kunigombania mbele ya ukoo wangu wote. Hakuna aliyewahi kunigombania vile. Jioni ile nilimwambia mjomba naomba anivumilie hadi msimu uishe. Akakuna kidevu. "Asiyekuwepo na lake halipo, mpwa wangu. Nafasi zile zinagombaniwa. Lakini nitamwomba supervisor hadi Christmas. Baada ya hapo sina maneno tena." Alikuwa ametumia jina lake zuri kwa ajili yangu, na alilitumia tena, na nilijua kwamba mara ya tatu haipo.

Basi nikarudi na magongo kumfundisha aliyechukua nafasi yangu. Cody alikuwa na mwili wa kufanya lolote, lakini ukimweleza jambo alisema "Ndiyo, bwana," ukimweleza jingine alisema "Ndiyo, bwana," na uwanjani alikwenda kulia wenzake wakienda kushoto. Wengine walidhani ni mzito wa akili. Mimi ile "ndiyo" niliijua. Ndiyo niliyokuwa nikiisema darasani nilipofika Marekani, sijui hata mwalimu anafundisha somo gani. Nikamkumbuka Mzee Nikodemo. Nikaacha kumwuliza Cody kama ameelewa. Nikakaa kwenye kochi lile lililobonyea, nikamwambia, "Mimi sijui kitu. Nifundishe." Mara ya kwanza alitokwa jasho. Ya pili alichora kwa kidole kwenye vumbi la kabati. Kelele ndizo zilimshinda, maneno ya kupaza yalimchanganya, kwa hiyo siku moja nikamwuliza kwa mzaha ni kitu gani anaweza kukipaza bila aibu. Akafikiri. "Ndizi," akasema, kwa matamshi yake ya shambani. Ikawa hivyo: ndizi ni kushoto, maharage ni kulia. Kocha alisikiliza mazoezi ya siku ile, vijana wa Texas wakipaza menyu ya mama yangu, akasema "Tena," na kwenda zake. Laini ikaacha kuvuja. Nami nikaanza kugundua jambo lililonitia hofu kwa utamu wake: nilikuwa nalala usingizi.

Mechi iliyonipima ilikuwa Houston, karibu na mwisho wa msimu. Tuliingia na kiburi, kwa sababu mkoa mzima ulikuwa umeshindwa kuelewa ndizi zetu. Kosa letu lilikuwa la kuzaliwa nalo: mtu anayekulia Haltom City anadhani Kiswahili cha Texas kinaishia kwenye jumuiya ya mama yake. Upande wao alikuwepo jitu moja la ulinzi, na Cody alipopaza "Maharage!" mara ya kwanza, jitu lile likasimama wima, likaangua kicheko, likajibu, "Na wali je?" Moyo wangu ulishuka hadi kwenye magongo. Baada ya hapo kila tulipotaja maharage alikuwa kulia anatungoja, na ndizi alikuwa kushoto, na mrushaji wetu aliona anga zaidi ya uwanja. Wakati wa mapumziko nilikuwa naandaa hotuba, maneno mapya, labda ya Kirundi, jasho linanitoka, Krismasi na meza ya ghalani mbele ya macho yangu. Sikupata nafasi ya kuitoa. Cody alisimama. Kijana wa "ndiyo, bwana" alisimama mbele ya laini nzima, wakubwa wake, akasema, "Anajua chakula. Basi tubadilishe sahani. Ndizi iwe kulia." Mmoja akamwuliza tutakumbukaje. Akamjibu, "Simama. Nifundishe," akawapitia mmoja mmoja. Kocha alinitazama kutoka upande wa pili wa chumba. Mimi nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, macho yameniwasha. Kipindi cha pili jitu lile lilikimbilia maharage, na ndizi zikapita. Mechi tulishindwa hata hivyo, tusidanganyane. Baadaye jitu likanijia, kumbe ni Baraka, Mkongo wa Uvira aliyekulia mtaa wa Alief hapo hapo Houston, likanikumbatia pamoja na magongo. "Ndugu, miye niko na njaa tangu mwanzo. Munataja tu maharage, maharage. Kwenu ni wapi, nikuje kula?" Alikuja, kweli, na alikula. Leo anafundisha hesabu darasa linalotazamana na langu kule Alief, na vijana wetu wa laini wanapaza majina ya vyakula vya nchi nyingi kuliko ninavyoweza kutamka.

Nilimpigia mjomba simu kabla basi letu halijatoka Houston. Nikamwambia nafasi ile ampe mwingine, mimi namaliza chuo, nitakuwa mwalimu. Nikasikia mashine za zamu yake. Kisha akauliza, "Mwalimu wa nini?" Nikasema jiografia, na mpira. "Mh. Wa kusimama au wa kukaa?" Wa kusimama, mjomba. "Basi litunze hilo goti," akasema, na nikajua amenibariki.

Haya yote yalinipitia Richardson nikitafuna. Nilipomeza, wote walikuwa wametega sikio, hata mama, asiyejua Kiingereza. Nikamwambia Kocha ukweli: siku ile nilikuwa nimewaambia mpira umekwisha, chuo naacha, Jumatatu naanza kazi ghalani. Nikamwambia pia lile ambalo sikuwahi kulisema, kwamba alivyokuja akaniambia Jumatatu nije mapema, alininyakua mdomoni mwa kazi ile, na kila siku nikifungua mlango wa darasa namshukuru. Kocha akahamisha mguu wake juu ya mto. "Deo, mimi sikujua," akasema. "Niliona unafundisha. Nilisimama pale nikaelewa kila kitu na sijui hata neno moja. Nilidhani unawaambia utarudi. Nilisema Jumatatu kwa sababu Jumatatu kulikuwa na mazoezi." Akaongeza kwa sauti ya chini, ile ya kwenye simu na mkewe, "Ningejua umepata kazi, ningekuacha uende. Sikuwa mtu wa kumkataza mtu kazi."

Nilikaa pale, mwanamume mzima mwenye darasa, timu na mke, nikitazama jinsi maisha yangu yote yalivyopita kwenye tundu dogo namna ile. Sikusikia huzuni. Nilisikia furaha, na kidogo kizunguzungu. Mama akanivuta mkono wa shati, anataka kujua mgonjwa amesema nini. Nikamtafsiria yote, neno kwa neno. Alimtazama Kocha, akatazama mguu wake, akatazama dari. "Kumbe," akasema. "Mungu alijua anachofanya alipomnyima huyu Kiswahili." Mke wangu akaficha uso kwenye kitenge. Cody alicheka kwa sababu sisi tunacheka. Kocha akatugeukia mmoja mmoja, kisha akaniuliza mama yangu amesema nini. Nikamwambia anasema uongeze maharage. Akatoa sahani yake.